Mnyama Asiye na Jina

Katika Maktaba ya Uingereza, London, kuna hati nene ya karatasi iliyonakiliwa kwa mkono na watu wawili katika karne ya 15. Ndani yake mna visa vya Mfalme Arthur, alivyovikamilisha Thomas Malory mwaka 1469 au 1470, wakati koo mbili za kifalme zikipigania kiti cha Uingereza. Kwa muda mrefu hati hiyo haikujulikana, hadi ilipotambuliwa mwaka 1934 katika shule ya Winchester.

Ukiifunua, jicho linavutwa na wekundu. Karibu kila jina la mfalme au shujaa limeandikwa kwa wino mwekundu. Mnakili hakuacha mapengo ili ayajaze baadaye. Aliandika kwa kalamu ya unyoya na wino mweusi. Akifika penye jina aliitua, akashika nyingine, akachovya kwenye wino mwekundu, akaandika jina hilo moja, kisha akarudi kwenye nyeusi. Alifanya hivyo tena na tena katika ukurasa mmoja, na mistari yake haikuyumba.

Wekundu ni wa majina, lakini utabiri wa kisiasa wa enzi hizo uliyakwepa majina. Tangu mwandishi Geoffrey wa Monmouth alipoandika utabiri wa mchawi Merlin katika miaka ya 1130, watawala walifichwa ndani ya joka, simba na nguruwe mwitu. Huo nao ulikuwa ufundi. Mtabiri aliyetaja jina alifungwa na wakati wake, na angeweza kulipa kwa shingo. Aliyetaja mnyama aliacha nafasi ambayo kila kizazi kingemweka mfalme wake.

Malory anatuonyesha ufundi huo kazini. Arthur yumo merikebuni, anakwenda kupigana na Lucius, mtawala wa Roma. Anaota joka likitoka magharibi, na kutoka mashariki dubu mweusi wa kutisha ndani ya wingu. Wanapambana, joka linashinda. Anamwita mwaguzi, naye anajibu kwa uangalifu: joka ni wewe mwenyewe, yule mwingine ni dhalimu anayetesa watu, au ni jitu utakalopigana nalo. Katika “au” hiyo mwaguzi ameacha mlango wazi.

Sasa twende Westminster, alikoanzisha uchapaji William Caxton mwaka 1476. Mpanga herufi amesimama mbele ya sanduku lenye vijumba vingi, kila kijumba na herufi yake ya madini ya risasi. Macho yako kwenye nakala. Mkono unakijua kijumba bila kutazama. Anaokota herufi moja moja na kuzipanga kwenye kibao, zikiwa zimegeuka kama kwenye kioo. Mstari ukipwaya, anachomeka vipande vyembamba kati ya maneno hadi ukae sawa. Mistari ikitimia ukurasa, inabanwa kwa kabari ndani ya fremu. Mwenzake anapaka wino wa masizi na mafuta ya kitani kwa vifurushi vya ngozi, analaza karatasi iliyoloweshwa kidogo, anavuta mkono wa mtambo, kisha anaibandua karatasi na kuianika.

Hati ya Winchester iliwahi kuwa katika karakana hiyo. Mtafiti Lotte Hellinga aliona juu ya kurasa zake alama hafifu za herufi za Caxton, zilizoachwa na wino ambao haujakauka. Lakini haina alama za mpanga herufi. Kitabu cha Malory alichokichapa Caxton kilipangwa kutoka nakala nyingine.

Kazi ilikamilika tarehe 31 Julai 1485. Na katika ndoto ya Arthur iliyochapwa humo, dubu amekuwa nguruwe mwitu. Kwa Kiingereza cha wakati ule maneno hayo mawili yalikaribiana sana. Herufi chache zilitosha kumbadilisha mnyama. Ila nembo ya Mfalme Richard wa Tatu, aliyekuwa akitawala, ilikuwa nguruwe mwitu. Tarehe 22 Agosti aliuawa vitani Bosworth, na aliyemshinda, Henry Tudor, alikuwa na bendera ya joka jekundu.

Wataalamu wamebishana: wengine wanasema ni kuteleza kwa mkono, wengine wanaona mtu aliyepima alichokifanya. Kama alipima, basi alipima vizuri. Nguruwe wa Richard alikuwa mweupe. Wa kitabuni ameachwa mweusi, vilevile alivyokuwa dubu. Msomaji aliyetaka kumwona mfalme wake alimwona. Na askari ambaye angebisha hodi kuuliza angeonyeshwa rangi, akaambiwa huyu si yule, na mpanga herufi angerudi kwenye sanduku lake kuendelea na mstari unaofuata.