Minara ya Klipsch Imewaka: Je, Ampi ya Pembeni Inahitajika?

Jamani, zinalia! Spika zangu za mnara, Klipsch RP-8000F II, zimesimama sebuleni, zimepita mita moja kwa urefu, koni zake za rangi ya shaba zinang'aa kila taa inapowashwa. Nilianza na Top Gun: Maverick, filamu iliyotwaa Oscar ya sauti mwaka 2023. Ndege zinapofyatuka kwenye sitaha ya meli pale mwanzoni, kifua kinatetemeka na madirisha yanaitikia. Kinachonisisimua kuliko vyote ni kwamba nyuma yake hakuna ampi ya pembeni. Kuna risiva tu, Denon AVR-X3800H, yenye ampi zake za ndani, na wala haitoi jasho.

Nalitaja hili mapema kwa sababu kila anayeiona minara hii anauliza kwanza ampi iko wapi. Imezoeleka kwamba spika ikiwa kubwa lazima umeme wake uwe mwingi. Sikubaliani kabisa! Ukubwa wa kasha hauamui jambo hili. Kinachoamua ni unyeti wa spika, ukinzani wake, na umbali wa kochi lako.

Unyeti ni kiasi cha sauti ambacho spika hutoa, kikipimwa mita moja mbele yake, ukiipa volti 2.83, ambazo kwenye spika ya omu 8 ni wati 1. Klipsch wanaiandikia RP-8000F II desibeli 98. Hiyo ni namba kubwa mno kwa spika ya nyumbani, na sehemu ya siri yake ni ile pembe ya mraba inayoizunguka twita ya titani. Paul W. Klipsch alianzisha kampuni hii huko Hope, Arkansas, mwaka 1946 akiamini kwamba pembe huipa sauti nguvu bila kula wati, na wazo hilo bado liko hai mbele yangu.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo raha ilipo. Kiwango cha sinema kinataka kila spika ya mbele ifikishe kilele cha desibeli 105 pale ulipokaa. Kochi langu liko mita 3 kutoka kwenye spika. Kwenye uwanja wazi umbali huo hula karibu desibeli 9.5, kwa hiyo 98 zinabaki 88.5, na pengo ni desibeli 16.5. Kila desibeli 3 hudai wati mara mbili, na kila desibeli 10 hudai mara kumi. Jibu ni takriban wati 45. Wati 45 kwa kilele cha sinema! Denon wanaiandikia risiva hii wati 105 kwa chaneli kwenye omu 8, chaneli mbili zikifanya kazi. Tuseme namba ya kiwanda imekuwa na ukarimu, tukakata desibeli 3: tunafika wati 90, na bado tumo ndani. Tena sebule yenye kuta hurudisha sauti nyingi ambayo uwanja wazi ungeipoteza.

Na nani anayetazama filamu nyumbani kwa kiwango hicho usiku kucha? Shusha desibeli 10, ambayo bado ni sauti ya kuwaamsha majirani, na mahitaji yanaanguka hadi wati 4.5. Nne na nusu! Nilirudia kuikokotoa kwa furaha tu.

Ukibadilisha spika, mambo yanageuka. KEF R7 Meta, mnara mzuri ajabu uliotoka mwaka 2023, ina unyeti wa desibeli 88 na ukinzani wa omu 4, unaoshuka hadi 3.2. Tofauti ya desibeli 10 peke yake inazidisha wati mara kumi. Juu ya hapo, zile volti 2.83 kwenye omu 4 tayari ni wati 2. Kwenye kochi lilelile, kilele cha sinema kingedai karibu wati 900, wakati KEF wenyewe wanapendekeza ampi isiyozidi wati 250. Hata ukishusha desibeli 10 unahitaji wati 90 kwenye mzigo wa omu 4, mzigo unaochemsha risiva. Ukiwa na spika za namna hii na chumba kirefu, nunua ampi bila kusita. Dalili utazisikia: vilele vinakuwa vikali na vyembamba, au risiva inajizima yenyewe vita vinapopamba moto.

Bila shaka niliijaribu ampi. Niliazima ya chaneli mbili, wati 200 kila upande, nikaiunga kwenye matundu yaliyoandikwa PRE OUT nyuma ya risiva, kisha nikasawazisha sauti kwa kipimo. Usiruke hatua hiyo, kwa sababu chombo kinacholia juu kidogo tu sikio hukiona bora. Kwa sauti ya kawaida sikusikia tofauti yoyote. Nilipopandisha hadi kiwango chenyewe cha sinema, milipuko ilitulia kidogo zaidi, na ndivyo ilivyotarajiwa: kutoka wati 105 hadi 200 unapata desibeli 2.8 tu.

Kilichobadilisha chumba kizima ni mpangilio ambao wenye minara mikubwa huuonea aibu. Ingia kwenye menyu, ziandike spika zako kuwa ndogo, kata kwenye hezi 80, na besi yote ya chini iende kwenye sabufa yenye ampi yake. Kwenye besi hiyo ndipo wati nyingi zilikuwa zikiishia. Risiva ikapumua, sauti za watu zikasogea mbele, ngoma zikawa na ncha. Fanyeni hivi kabla ya kufikiria kununua chochote!

Neno kwa mnaotumiwa vifaa na ndugu walioko Marekani: risiva na ampi za kule hutengenezwa kwa volti 120, na ukizichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa Tanzania au Kenya utaziunguza. Angalia maandishi ya nyuma kwanza. Minara yenyewe haina shida hiyo, haichomekwi ukutani.

Na mnaonunua risiva leo mkifikiria ampi baadaye, hakikisheni matundu ya PRE OUT yapo kwa chaneli zote. Katika familia hii ya Denon, X1800H inayatoa kwa sabufa tu. X3800H inayatoa kwa zote, na inakuruhusu kuzima ampi zake za ndani kwa chaneli usizozihitaji.

Mimi ampi nairudisha kwa mwenyewe. Hela ambayo ningenunulia ampi naiweka kwenye sabufa ya pili, kwa sababu X3800H ina matundu manne ya sabufa yanayojitegemea, na sabufa mbili zikikaa pande tofauti za chumba, besi inakuwa sawa kwa aliye katikati ya kochi na aliye pembeni. Hiyo ya pili naipeleka kona ya nyuma, na filamu ya Dune iko tayari kwenye foleni!