Mkono wa Muuza Madafu

Masika yakishapita, Dar es Salaam hupata miezi mitatu ya neema. Kuanzia Juni mpaka Agosti upepo wa kusi unavuma, usiku joto linashuka hadi karibu nyuzi 19, na watu wa Mbagala na Kawe ambao mwaka mzima hulalamika kwamba jua haliwapi nafasi ya kutembea, wanatembea. Machungwa ya Muheza yanarundikwa kando ya barabara. Maonyesho ya Sabasaba yanaijaza Barabara ya Kilwa watoto walioshikwa mikono. Jumapili jioni mihogo inakaangwa Coco Beach mpaka giza linaingia. Sioni sababu ya kupanda basi kwenda mbali wakati huu; Temeke na Kinondoni zinanitosha kipupwe kizima.

Ni katika majira haya ndipo namtazama muuza madafu vizuri. Januari na Februari, kaskazi inapovuma, hakuna anayemtazama: mtu anafika koo limemkauka, anapokea, anagugumia, analipa, anakwenda zake. Kipupwe kiu si kali na wateja hawasukumani. Hapo unasimama kando ya baiskeli yake, pale Mtoni Mtongani au kwenye kona ya Mwananyamala, na unagundua kwamba miaka yote ulikuwa unanunua kazi ya mikono na masikio, na kwamba kazi hiyo ni ufundi kamili, una elimu yake na una makosa yake yasiyosameheka.

Ugumu wake unaanzia kwenye umri. Tunda la mnazi huchukua kama mwaka mmoja tangu ua lifunguke mpaka liwe nazi ya kukuna. Katikati ya safari hiyo kuna vituo ambavyo watu wa Pwani wamevipa majina kimoja kimoja: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo nazi. Dafu lina dirisha fupi, takriban mwezi wa 6 hadi wa 8. Ukiliwahi, maji yake ni machache na hayajakolea utamu. Ukilichelewa limekuwa koroma, ambalo si la kunywa kwa raha wala si la kutia mchuzini. Tena mnazi mrefu wa kwetu hutoa shada jipya karibu kila mwezi, kwa hiyo mti mmoja hubeba rika zote kwa wakati mmoja, na zote zinaonekana kijani ukiwa chini. Rangi haikusaidii sana, kwani kuna minazi ambayo madafu yake ni ya njano au mekundu tangu utotoni.

Basi muuza madafu hutegemea sikio. Analigonga kwa ubapa wa panga, au kwa ukucha. Analitikisa karibu na shavu. Dafu lililo katika ubora wake limejaa pomoni, halina nafasi ya hewa, na ukilitikisa linanyamaza. Likianza kuchapuka maji ndani, limeshazeeka. Kati ya ukimya na mchapuko huo kuna daraja nyingi ambazo mimi sizisikii na yeye anazisikia. Ndiyo maana anathubutu kuuliza swali ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa la kubahatisha.

"Shikamoo mama. Nikupe la kunywa au la kukomba?"

"Marahaba mwanangu. Nipe la kukomba, nyama iwe laini."

Anapitisha mkono juu ya rundo, anagonga moja, analiacha, anagonga la pili, analichukua. Likifunguliwa, nyama yake ni nyeupe, inatikisika, inakombeka bila kuvutana. Alilijuaje? Kijana mmoja wa Mkuranga ninayenunua kwake alinieleza kwamba mjomba wake alimweka muda mrefu akigonga tu na kusema kilichomo ndani ya dafu kabla halijakatwa. Panga alipewa baadaye. Naona huyo mjomba alikuwa mwalimu hodari, maana wengi wetu tungeanza na panga.

Na panga lenyewe ni la kustaajabisha. Dafu linakaa juu ya kiganja cha kushoto, halina meza wala gogo. Panga linashuka kwa mapigo mafupi ya mshazari huku kiganja kikilizungusha, ncha inachongeka kama penseli, makumbi yanadondoka vipande vipande. Anapokifikia kifuu, ambacho kwa umri huo bado ni laini, anapunguza nguvu. Pigo la mwisho linaondoa kifuniko kidogo tu; tone likimwagika ni nadra. Ukisema unalipeleka nyumbani, anaacha ngozi nyembamba juu ili ulitoboe mwenyewe, na hapo kosa la unene wa karatasi lingetosha kulowesha mfuko wako. Ukimaliza kunywa analipasua mara moja, nusu mbili sawa, kisha kutoka ubavuni mwa kumbi anachana kipande kilichopinda na kukupa. Hicho ndicho kijiko chako. Sijaona kijiko kingine kinachokaa vizuri hivyo katika mkunjo wa kifuu, kwa kuwa kimetoka kwenye umbo hilohilo.

Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu namsifu bila hofu. Maji yake yalifungwa na mti wenyewe, na yeye hana pa kuchakachua; anachoweza kuharibu ni uchaguzi tu, na uchaguzi mbaya unajulikana mbele ya mteja papo hapo.

Nyuma yake yuko mwingine ambaye wanywaji hatumwoni: mkwezi. Nazi kavu zinaangushwa, zinajipiga chini, hazidhuriki. Madafu yakianguka kutoka juu yanapasuka, hivyo shada linafungwa kamba na kushushwa taratibu, huku mtu akiwa ameukumbatia mti. Mara nyingi juu kule anapokelewa na majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Wanamuuma vibaya. Lakini hao ndio walinzi wa minazi, kwa sababu huwafukuza kunguni wanaofyonza vitale na kuvifanya vipukutike. Watafiti wa minazi wa hapahapa Dar es Salaam walishughulika sana na jambo hilo, jinsi ya kuwatunza majimoto shambani badala ya kukimbilia dawa. Shamba lenye sisimizi wakali lina mavuno mazuri, na mkwezi huyalipia kwa ngozi yake.

Sehemu kubwa ya madafu ya upande wa Temeke huja kwa njia ya kusini, kupitia Vikindu na Kongowe mpaka Rangi Tatu, yakitokea Mkuranga na kwingineko Pwani; mengine yamevuka bahari kutoka Mafia. Alfajiri yanagawanywa, yanafungwa kwenye baiskeli pande zote mbili mpaka mwendeshaji hawezi kukaa, inabidi asukume. Upande wa Kinondoni napenda kuyafuata mpaka Kunduchi. Pale kuna soko la samaki, na nyuma yake kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo ambazo wazee wa zamani walizipachika mabakuli ya kauri kutoka China. Nenda asubuhi ya Jumamosi, kabla watu hawajajaa. Dafu linalonywewa ukiwa umeketi karibu na bahari, kusi ikikupuliza, lina ladha nyembamba ya chumvi mwishoni mwa utamu, na ulimi unaihisi tu usipokuwa na haraka.

Ninachokiona nikitembea, na kinachonisumbua kweli, ni kwamba minazi inapungua katika vitongoji vyenyewe. Viwanja vinapimwa Chamazi, vinapimwa Bunju, na jambo la kwanza anunuaye analofanya ni kukata. Kuna pia ugonjwa mkali wa minazi ambao umeitesa pwani ya Tanzania kwa zaidi ya miaka 100. Unaangusha nazi changa, unageuza makuti kuwa manjano, halafu kilele chote kinaoza na kuanguka, linabaki shina wima lisilo na kichwa. Mpango wa Taifa wa kuendeleza minazi ulianzishwa mwaka 1979 kwa sababu ya matatizo kama hayo, na kutoka kwake kikazaliwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, ndani ya Kinondoni, ambacho leo kinaitwa TARI Mikocheni. Majirani wengi hupita kwenye lango lake kila siku wakienda kazini.

Mti ukikatwa, anayepoteza kwanza ni kijana wa panga. Anaamka mapema zaidi, anafuata mzigo mbali zaidi, anafikiwa na madafu yaliyokaa siku nyingi, na sikio alilofundishwa linatumika kwenye bidhaa iliyochoka. Ufundi wake hauwezi kudumu ukitenganishwa na mti. Huwezi kujifunza umri wa tunda kwa kulitazama likiwa limekwisha shushwa garini. Lazima umelijua likiwa upunga.

Mwenye ua, basi, na apande mnazi mmoja. Mnazi mfupi huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4 ukitunzwa, na mrefu baada ya 6 au 7. Uulizie miche iliyo salama, uupande masika yanapoanza ili mizizi ishike kabla ya kiangazi, na uuweke mbali na paa, maana siku moja utakuwa mrefu na nazi zake zitaanguka. Mtoto anayeanza darasa la kwanza mwaka huu atakuwa anamaliza shule ya msingi shada la kwanza litakapokuwa tayari kushushwa, na muuza madafu wa mtaani kwenu ataweza kumwonyesha namna ya kuligonga.