Kona ya Anfield na jicho la Divock Origi

Usiutazame mpira, watazame mabeki. Ndivyo ninavyowaambia vijana wangu hapa Suna tunapobanana kwenye simu moja kuirudia kona ile ya tarehe 7 Mei 2019. Ni dakika ya 79. Liverpool 3, Barcelona 0, na kwa jumla ya mikondo miwili ni 3-3. Mabeki wa Barcelona wanatembea. Mmoja ameinamisha kichwa, wengine wanajipanga huku wameupa mgongo ule upande wa kona. Ni mapumziko ya sekunde chache ambayo kila beki hujipa akiamini kwamba hakuna kitu kinachoweza kutokea.

Trent Alexander-Arnold ametoka tu kumgonga Sergi Roberto kwa mpira, ukatoka nje. Mtoto wa kuokota mipira amempa mwingine papo hapo. Trent anauweka kwenye kona kisha anaanza kuondoka, kama anayemwachia Xherdan Shaqiri. Hatua tatu, nne. Mara anageuka na kuuchapa chinichini.

Wengi huku kwetu bado wanaamini kwamba kona husubiri kipenga. Haisubiri. Mpira ukishawekwa mahali pake, ukapigwa na ukasogea, mchezo unaendelea, isipokuwa refa awe amewaambia wangoje. Cüneyt Çakır hakuwa amewaambia kitu.

Ujanja wa Trent umesifiwa sana, na ni haki yake. Ila mimi kila nikiirudia video nasimama kwa Origi. Kona ya haraka isiyo na mpokeaji ni mpira uliotupwa. Katika msongamano ule wote, yeye ndiye aliyekuwa na uso umeelekea kibenderani. Mpira unamjia ukidundadunda, na kwa kuwa umepigwa kwa mguu wa kulia kutoka kulia, unajipinda kuliacha lango. Kuufunga mpira wa namna hiyo ni kazi. Ukiuchapa kwa nguvu unapaa jukwaani. Ukiutuliza, Piqué anakufikia. Origi hakufanya hata moja kati ya hayo. Alifungua nyonga, akauwahi kwa upande wa ndani wa mguu wa kulia, akauinua tu ukaingia juu wavuni. Mguso mmoja. Piqué na kipa ter Stegen walishtuka wakati kazi imekwisha.

Kwetu ilikuwa saa tano unusu imepita usiku. Kibanda tulichokuwamo kilinyamaza kwanza, maana hata sisi hatukuwa tunatazama. Kelele zilikuja baada ya marudio.

Sasa rudi nyuma kidogo, utaona kwamba jicho hilo la Origi halikuwa la siku moja. Origi alianza usiku ule kwa sababu Salah na Firmino walikuwa nje. Goli lake la dakika ya 7 lilitokana na Jordi Alba kurudisha mpira kwa kichwa kibovu, Mané akaunasa, Henderson akapiga, ter Stegen akautema. Nani alikuwa ameshafika? Miezi mitano kabla, tarehe 2 Desemba 2018, dhidi ya Everton, dakika ya 96, Virgil van Dijk alipiga shuti baya, mpira ukapaa juu kabisa, na yeye mwenyewe akageuka kuondoka kwa hasira. Mpira ukashuka juu ya mtambaa panya, Pickford akababaika nao, ukarudi uwanjani. Origi alikuwa pale na kichwa chake. Watu wakasema bahati. Bahati ya mtu ambaye hakugeuka, nasema mimi.

Na asidhani mtu kwamba alijua kuokoteza tu. Katika fainali ya Madrid, 1 Juni 2019, dakika ya 87, aliupokea mpira wa Joel Matip upande wa kushoto wa boksi, akaupiga kwa mguu wa kushoto, chini, ukavuka mbele ya Lloris hadi kona ya mbali. Katika Ligi ya Mabingwa msimu ule alipiga mashuti 3 na kupata magoli 3.

Huku Nyanza tunamwita nyathiwa, mtoto wetu, ingawa alizaliwa Ostend, Ubelgiji, mwaka 1995. Baba yake, Mike Okoth, alikuwa straika wa Harambee Stars aliyekwenda kuichezea Oostende, na baadaye akawa bingwa wa Ubelgiji na Genk mwaka 1999. Ami yake, Austin Oduor, ndiye nahodha wa ile Gor Mahia iliyotwaa Kombe la Mandela mwaka 1987. Mtoto aliyekulia mezani pa watu hao alisikia habari za kusimama vizuri ndani ya boksi kabla hajajua kufunga kamba za viatu, naamini hivyo.

Lakini uchambuzi wa haki lazima uiseme na ile nusu nyingine. Magoli 41 katika mechi 175 za Liverpool si hesabu ya straika mkuu wa timu kubwa. Kukaba kuanzia mbele kwa dakika 90, wiki baada ya wiki, kama alivyofanya Firmino, hakukuwa kazi yake. Alipohamia Milan mwaka 2022 akitarajiwa kuubeba mstari wa mbele, msimu wa kwanza alifunga magoli 2 tu ya ligi. Nadhani kosa lilikuwa kumpa kazi isiyo yake. Jicho lile lilifanya kazi vizuri zaidi mechi ikiwa imevunjika, wengine wamechoka, naye ametoka benchi na damu moto. Wolves walikiona tarehe 4 Desemba 2021: aliingia kipindi cha pili, na dakika ya 94 akaupokea mpira wa Salah akiwa amelipa lango mgongo, akageuka, akafunga.

Kwa hiyo zoezi letu la Jumamosi ni hili. Wachezaji kumi ndani ya boksi, na mpigaji kona ana ruhusa ya kupiga wakati wowote, hata akiwa anafunga kamba. Nikipuliza kipenga kila mtu anasimama kama alivyo, nami nahesabu nyuso zinazotazama kibendera, ambacho kwetu ni kijiti cha mkaratusi. Wiki ya kwanza zilikuwa mbili. Juzi zilikuwa sita, na mmoja wao alikuwa kipa.