Tahakiki ya Istilahi: Ndege wa Usiku na Uoni Wao

Madhumuni ya makala haya ni kuzipima baadhi ya istilahi zinazotumika kueleza namna ndege walivyopata kuishi usiku na kuona katika mwanga hafifu. Tumeamua kuzitazama kwa upande wa mwalimu wa shule ya msingi huko Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma. Watoto wengi wa huko hukua wakisema Kiha, na Kiswahili cha sayansi hukikuta darasani. Kwa hiyo istilahi ya kitabuni ikiwa na kasoro, mwanafunzi hana nyingine ya kuisahihishia.

Tuanze na "ndege wa usiku". Katika Kiswahili neno ndege ni kiumbe mwenye mabawa, na vilevile ni dalili ya heri au shari. Ndiyo maana twasema ndege njema na ndege mbaya. Likifuatwa na neno usiku, fikra za msikilizaji huelekea kwenye mchuro kabla hazijafika kwenye elimu ya viumbe. Jambo hili si dogo, kwani bundi anayeuawa kwa kudhaniwa mchuro ndiye huyohuyo alaye panya wanaoharibu mahindi ya mkulima.

Hata kisayansi istilahi hiyo haitoshi. Inawachanganya bundi, ambao wengi wao huwinda usiku, na kirukanjia, ambaye hukamata wadudu hasa wakati wa magharibi, alfajiri na penye mbalamwezi. Wapo waliofikiria "ndege mkesha", lakini mkesha tayari ni usiku wa kuamkia sikukuu. Sisi tunapendekeza ndege mkeshaji kwa yule wa kwanza, na ndege wa utusitusi kwa yule wa pili. Jina kirukanjia hutumika pia kumtukania mwanamke, lakini hiyo si sababu ya kulitupa. Linaeleza vema tabia ya ndege atuaye njiani, na mwalimu alifafanue hivyo.

Usemi "kuona gizani" nao haufai. Hakuna jicho lionalo pasipo mwanga wowote. Macho ya bundi ni makubwa, yana umbo la neli, na hayazunguki katika matundu yake. Ndiyo sababu huigeuza shingo hata kufikia nyuzi 270. Penye giza totoro, bundi aitwaye Tyto alba huweza kumkamata panya kwa kusikia tu. Lakini mfasiri ajihadhari asiandike "uoni hafifu", kwani istilahi hiyo imekwisha kuwa ya watu wenye upungufu wa kuona. Atakuwa amemwita bundi nusu kipofu! Na aandike uoni wa mwanga hafifu.

Retina ina seli za aina mbili: zile za umbo la fimbo, ambazo huhisi mwanga hafifu na ndizo nyingi zaidi kwa bundi, na zile za umbo la pia, ambazo hupambanua rangi. Kwa kuwa hisabati yetu hutumia neno pia kwa umbo hilo, mtu huvutwa kuandika "seli pia". Hebu tusome: "Seli pia hupambanua rangi." Msomaji atauliza, pamoja na nini? Heri kusema seli koni na seli fimbo.

Anayesafiri usiku kwa gari kati ya Kibondo na Kasulu huweza kuona macho ya kirukanjia yakiwaka mekundu mbele ya taa. Nyuma ya retina yake kuna tabaka linalourudisha mwanga upite mara ya pili. Tunaliita tabaka akisi. Bundi hana tabaka hilo. Tofauti hii yatufundisha kwamba ndege hawa wawili hawakurithi maisha ya usiku kutoka kwa mzee mmoja: kirukanjia ana ukoo na teleka, wale warukao upesi mfano wa mbayuwayu, na bundi ni wa ukoo mwingine. Kila mmoja aliufikia usiku kwa njia yake.

Hapo ndipo tunapofikia istilahi kubwa kuliko zote. Baadhi ya waandishi husema "mageuzi", wengine "mageuko". Mageuzi hutokana na geuza, na kitenzi hicho hudai mtendaji. Mageuko hutokana na geuka, yaani kuwa vingine. Bundi hakuyageuza macho yake ili aone usiku. Waliozaliwa na macho yaliyofaa zaidi waliishi na kuzaa zaidi, vizazi kwa vizazi. Zaidi ya hayo, tangu mfumo wa vyama vingi uliporudishwa mwaka 1992, mageuzi ni neno la siasa. Katika uchaguzi wa mwaka 2010 chama cha NCCR-Mageuzi kilishinda Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe, jimbo la Kibondo. Mwanafunzi wa huko akisikia "mageuzi ya bundi" atacheka, na somo litakuwa limepotea.

Basi tunawaomba walimu na wafasiri waijaribu istilahi ndani ya sentensi nzima, waisome kwa sauti, kisha wamwulize mwanafunzi ameelewa nini. Istilahi inayosimama vizuri katika orodha huweza kuanguka darasani, na darasani ndiko tunakoitengenezea.