Safina ya Jumapili

Katika nyumba nyingi za Waprotestanti wacha Mungu huko Uingereza na Marekani ya karne ya 19, Jumapili ilikuwa siku ndefu kwa mtoto. Mwanasesere alifungiwa kabatini, ngoma na farasi wa mbao navyo vikawekwa kando. Safina ya Nuhu ndiyo iliyoachwa nje. Kwa kuwa habari zake zimo katika Biblia, mtoto aliyeichezea alihesabiwa kuwa anajifunza neno la Mungu. Nawashukuru wazazi wale kwa ruhusa hiyo, lakini sifa yangu kubwa naipeleka kwa mafundi waliozitengeneza safina hizo.

Wengi wao waliishi Seiffen na vijiji vya jirani, katika milima ya Erzgebirge, Saxony, kwenye mpaka wa Ujerumani na Bohemia. Ile ilikuwa nchi ya wachimbaji wa bati. Bati lilipopungua, watu waligeukia vitu ambavyo mlima haukuwanyima: miti na maji yaendayo kasi. Maji yaliyokuwa yakiendesha mitambo ya kuponda mawe yakaanza kuzungusha mashine za kukerezea mbao.

Hapo ndipo ulipozaliwa ufundi ambao sijui wa kuulinganisha nao. Fundi hukata pingili ya mti wa jamii ya msonobari, ungali mbichi, akaibana kwenye mashine. Mbao inapozunguka, huichimba mifereji upande mmoja, na hapo hutokea tumbo na miguu. Kisha huigeuza akachonga mgongo, shingo na kichwa. Ukisimama karibu naye huoni mnyama yeyote, unaona pete nene ya mbao yenye matuta na mabonde. Fundi mwenyewe hamwoni. Umbo zima analo akilini na mkononi, na kosa dogo la patasi litarudiwa katika kila mnyama wa pete ile. Akishamaliza, huweka kisu juu ya pete na kukigonga. Mbao inapasuka, na katika ufa anatokea ng'ombe kamili anayeonekana kwa ubavu. Hupasua tena, ng'ombe mwingine, mpaka pete iishe.

Tena nyuzi za mbao hushuka wima kufuata miguu. Kwa sababu hiyo mguu mwembamba wa swala haukatiki ovyo mikononi mwa mtoto.

Kazi iliyobaki ilifanyiwa mezani nyumbani: kulainisha kingo kwa kisu, kugundisha pembe na mikia, kupaka rangi. Familia nzima ilikaa kuifanya, watoto wakiwemo, kwa ujira mdogo mno, kwani wafanyabiashara walitaka bei ya chini. Siwezi kuusifu ufundi huu nikalipita jambo hilo. Mtoto aliyepaka madoa ya chui alikuwa rika moja na yule aliyemchezea London. Charles Dickens aliitambua hali ya mafundi wa namna hii alipomwandika Caleb Plummer, mtengeneza vitu vya kuchezea, katika hadithi yake ya mwaka 1845, The Cricket on the Hearth: mtu yule anatengeneza safina za Nuhu huku umaskini umemkaba.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya heshima. Juu ya paa la safina alichorwa njiwa. Paa au ubavu ulifunguka, wakatoka Nuhu, mkewe, wana watatu na wake zao, halafu wanyama wawili wawili, panzi akikaribia ukubwa wa kondoo. Safina nyingi zilikuwa na kitako bapa, hazikutengenezwa ili zielee. Gharika aliileta mtoto mwenyewe kwa mawazo yake, na yeye ndiye aliyeamua nani aingie kwanza na nani alale karibu na simba. Siku ambayo kila kitu kitakatifu kilikuwa cha kusikilizwa kimya, hiki alikishika.

Pete bado zinakerezwa Seiffen, japo na mafundi wachache, na makumbusho ya vitu vya kuchezea yamekuwapo pale tangu 1953. Nuhu tunaye sisi pia, misikitini na makanisani, na maseremala tunao. Anayemtafutia mtoto zawadi ya Idi au ya Krismasi aende karakana, aagize safina yenye wanyama wake, na amlipe fundi bei inayolingana na jasho lake.