Fundi wa Kyoto na Wenzake wa Kiboriloni

Gunpei Yokoi hakuajiriwa ili abuni michezo. Mwaka 1965, akiwa ndiyo kwanza ametoka chuoni na shahada yake ya elektroniki, aliingia kampuni ya Nintendo mjini Kyoto, Japani, akapewa kazi ya kutunza mitambo iliyotengeneza karata za hanafuda. Kampuni ilikuwa ikiishi kwa karata hizo tangu 1889. Mtambo ukiwa mzima fundi wake hukaa bure, na Yokoi alipokaa bure alijitengenezea mkono wa kuchezea, wa vipande vya kukunja na kukunjua, unaorefuka ukabana kitu kilicho mbali. Mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akauona. Badala ya kumkemea, akamwagiza aufanye bidhaa. Ultra Hand ikatoka mwaka 1966, ikauzwa zaidi ya milioni moja, na fundi wa matengenezo hakurudi tena kwenye grisi.

Naanza na grisi kwa makusudi. Wengi wanaoisifu Game Boy, gemu la mkononi ambalo Yokoi na kikosi chake walilitoa tarehe 21 Aprili 1989, huanza na mauzo, nayo ni makubwa kweli: ukiijumlisha na ndugu yake wa rangi aliyekuja 1998, zaidi ya milioni 118. Lakini hesabu hiyo haielezi kwa nini kidude hicho, baada ya miaka zaidi ya 30, bado kinafufuka mezani kwa fundi redio wa Kiboriloni wakati simu ya mwaka juzi imemshinda. Jibu liko kwenye ufundi: wa aliyekiunda, na wa huyu anayekiunda upya.

Kiboriloni, kwa asiyepafahamu, ni kata ya Manispaa ya Moshi iliyo kando ya barabara kuu iendayo Himo, na jina lake limeshikamana na mitumba. Sifa ya soko ni nguo, viatu na mashuka, ila wenyeji wanajua kwamba kuna na makorokoro. Belo la midoli likifunguliwa hutoka dubu asiye na jicho, rimoti isiyo na gari lake, treni isiyo na reli, na mara moja moja tofali la plastiki la kijivu lenye kioo kilichofifia na vitufe viwili vyekundu vinavyoelekea zambarau. Muuzaji mara nyingi hajui ameshika nini. "Dada, chukua hiyo, redio ya mtoto," niliwahi kuambiwa. Sikumsahihisha, bei ya redio ya mtoto ilinifaa.

Mtu wa soko kama hili angeielewa falsafa ya Yokoi bila mkalimani. Alishikilia kwamba mbunifu asikimbilie teknolojia ya jana asubuhi. Achukue ile iliyokwisha kutumika ikachoka, ambayo imeshuka bei, inapatikana kila mahali na magonjwa yake yanajulikana, kisha aitafutie kazi ambayo hakuna aliyewahi kuipa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Sharp na Casio walikuwa wakipigana vita ya bei ya vikokotoo, na vioo vyake vya namba vikawa rahisi. Yokoi, akiwa safarini ndani ya treni, alimwona mfanyakazi mmoja aliyechoka akibonyezabonyeza kikokotoo ili muda upite. Mwaka 1980 ikatoka Game & Watch, mchezo wa mfukoni wenye kioo cha kikokotoo na saa ndani yake. Hadi 1991 zilikuwa zimeuzwa milioni 43 na ushei.

Katika mfululizo huo, mwaka 1982, kulikuwa na toleo la Donkey Kong lililokunjwa katikati likaingia mfukoni. Mchezaji alihitaji kwenda juu, chini, kushoto na kulia, na usukani wa kijiti ungezuia kifaa kisikunjike. Yokoi akaweka kitufe kimoja bapa chenye umbo la msalaba. Chukua mashine yoyote ya gemu leo, iwe kwenye kibanda cha PS pale Majengo au kwa mtoto aliyekuja likizo, utakikuta msalaba huo, au nakala yake, chini ya dole gumba la kushoto. Sijui vitu vingi vya plastiki vilivyofikiriwa vizuri kuliko hicho.

Game Boy yenyewe ilipotoka ilikuwa tayari mzee. Chipu yake ya biti 8, iliyotengenezwa na Sharp, ilikwenda kasi ya megahezi 4 na kidogo. Kumbukumbu ya kufanyia kazi, kilobaiti 8. Kioo kilikuwa na nukta 160 kwa 144, na rangi zake ni nne tu, zote za ukoo mmoja wa kijani kilichofifia. Taa ya ndani hakuna. Mwaka huohuo Atari walileta Lynx, yenye rangi kamili na kioo kinachowaka, na mwaka uliofuata Sega wakaleta Game Gear. Kwenye maonyesho Game Boy ilionekana maskini. Ila Lynx iliuzwa karibu dola 180 wakati Game Boy ilikuwa dola 90, tena Lynx ilikula betri sita ndogo kwa saa nne au tano. Game Boy ilikula nne, ikakaa saa 15 na zaidi. Haki ya sifa hiyo ni ya Yokoi pamoja na mhandisi wake Satoru Okada, aliyesimamia mambo ya ndani ya mashine. Anayeishi mahali ambapo betri hununuliwa mbili mbili dukani kwa mangi, na umeme hukatika bila hodi, hahitaji kuelezwa kwa nini maskini yule alishinda.

Kioo kisicho na taa kina adabu yake. Ukikaa chini ya mgomba huoni kitu. Inakubidi utoke, usimame barabarani penye jua, na hapo picha inakuja safi kuliko ya simu yoyote. Kioo hicho pia ni kizito: kitu kikipita mbio huacha kivuli nyuma yake. Kwa hiyo michezo iliyokifaa ilikuwa ile ya mwendo wa kupimwa, na mmoja ulikifaa kupita yote. Tetris, aliyoibuni Alexey Pajitnov mjini Moscow katikati ya miaka ya 1980, haihitaji rangi, haina mbio za ghafla, na kaseti yake ilibeba kilobaiti 32 tu. Picha moja ya simu yenye megabaiti 4 ingelingana na Tetris zaidi ya 100. Mfanyabiashara Henk Rogers ndiye aliyewashawishi Nintendo waifungashe ndani ya boksi pamoja na mashine. Wacheza bao hawatashangaa: kete 64 na mashimo 32 hayajawahi kuomba taa wala rangi, na wazee bado wanagombana juu yake hadi giza linaingia.

Sasa twende mezani. Fundi ninayemzungumzia simtaji jina, hapendi. Kibao chake kimeandikwa redio, simu, pasi na feni, gemu hazimo. Kazi ya Game Boy huanzia kwenye tumbo la betri, maana huko ndiko nyingi hufia. Mtu wa Ulaya aliiweka kabatini na betri zake ndani, zikavuja, springi zikaota unga. Fundi huuliza kwanza betri zilikuwa za aina gani. Za alkali zikivuja huacha unga mweupe ambao dawa yake ni ukali mwepesi: siki, au ndimu iliyobaki kwenye chai. Za kawaida, za zinki na kaboni, huvuja asidi, na dawa yake ni magadi yaliyoyeyushwa. Mswaki wa zamani ndio kifaa. Kemia hii hakuisomea darasani, lakini nimesoma vitabu vinavyosema hivyohivyo kwa maneno mengi zaidi.

Kisha skrubu. Zipo sita, na vichwa vyake vina mabawa matatu, kwa makusudi, ili mimi na wewe tusifungue. Yeye anayo bisibisi bapa aliyoichonga kwa tupa hadi ncha yake ikaingia kwenye mabawa mawili kati ya matatu, na mawili yanatosha. Ndani hamna gundi. Bodi mbili, waya bapa wa kuziunganisha, spika, na mipira laini iliyo chini ya vitufe. Kitufe kikiwa kiziwi, mara nyingi rangi nyeusi ya kaboni chini ya mpira imekwisha. Anasugua kalamu ya risasi pale, kama wanavyofanya mafundi wa rimoti za televisheni, na kitufe kinasikia. Kaseti ikigoma anasafisha meno yake ya shaba kwa spiriti na pamba. Kupuliza kwa mdomo, ambako sisi wote tumekufanya, kunaongeza mate na kutu, basi.

Ugonjwa mkubwa ni mistari wima. Kioo kinawaka lakini safu za nukta hazipo, tatu hapa, tano pale, herufi zinasomeka nusunusu. Sababu ni ukanda mwembamba unaopeleka umeme kwenye kioo: ulibandikwa kiwandani kwa joto, haukulehemiwa, na kwa miaka mingi umebanduka kidogo kidogo. Tiba ni kuurudishia joto. Fundi huiwasha mashine, hushika chuma cha kulehemu chenye moto wa chini, akakipitisha juu ya ukanda taratibu, bila kukandamiza, jicho likiwa kwenye kioo. Mstari mmoja unarudi. Anasogea unywele. Wa pili unarudi. Moto ukizidi ukanda unaungua na kioo hakirudi tena. Kazi nzima ni ya dakika chache, na thamani yake yote iko kwenye mkono usiotetemeka.

Nilimuuliza alijifunzia wapi mashine ambazo huenda ameziona chache mno maishani. Akanijibu bila kuinua uso: "Hii ni kikokotoo tu, dada. Vikokotoo nimetengeneza tangu mdogo." Vikokotoo na saa za mezani zilibandikwa kioo kwa namna hiyohiyo na huugua hivyohivyo. Yokoi alichukua kioo kwa wenye vikokotoo, na fundi wa Kiboriloni akachukua tiba hukohuko. Hawakuwahi kuonana, ila walisoma shule moja. Ndiyo faida ya kujenga kwa vitu vilivyozoeleka: ujuzi wa kuvirekebisha umeshatangulia kufika.

Hapa mlimani Kilimanjaro desturi hii ya kukipa kazi mpya kilichokwisha kutumika si ngeni. Wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu, wanaendelea kufua mikuki na visu kwa chuma chakavu, na hakuna anayewaona wanyonge kwa sababu chuma chao kilikuwa cha gari.

Niseme pia ukweli kwamba wengi wetu hatukukulia kwenye Game Boy. Lililotufikia ni lile gemu la Kichina la matofali, lenye kioo cha vyumba 10 kwa 20, lililojigamba kuwa na michezo 9,999 wakati ilikuwa michache tu iliyobadilishwa mwendo. Lilikuja mikononi mwa binamu wa Dar es Salaam, Desemba, Wachagga wanapopanda nyumbani kuhesabiwa, na foleni ya kulishika ilikuwa ndefu kuliko ya nyama choma. Baadaye mchezo wa nyoka, alioutengeneza Taneli Armanto kwa simu ya Nokia 6110 ya mwaka 1997, ukashuka hadi kwenye vitochi, na hapo kila aliyekuwa na simu alikuwa na gemu la mkononi. Yote hayo yalifuata kanuni ya Kyoto: kioo cha kijivu, vitufe, betri inayodumu.

Yokoi mwenyewe hakumaliza kwa shangwe. Virtual Boy yake ya 1995 ilianguka sokoni. Mwaka uliofuata akaacha kazi, na tarehe 4 Oktoba 1997 akafariki katika ajali ya barabarani, akiwa na miaka 56. Gemu la mwisho alilolishughulikia, WonderSwan ya Bandai, lilitoka 1999 bila yeye. Lilitumia betri ndogo moja tu na kucheza makumi ya saa.

Siku hizi hali imegeuka. Vifaa vingi vya mkononi huja vimefungwa kwa gundi, betri imelazwa ndani kana kwamba haitakufa, na fundi wangu husogeza blowa, hupasha, hubandua, na nusu ya wagonjwa wake huishia hapo. Ufundi haujapungua, vifaa ndivyo vimeacha kuuheshimu. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi, isipokuwa vichache vilivyotengwa, ziwe za mtumiaji kuweza kuzitoa na kuzibadilisha mwenyewe. Vinavyotumika Ulaya leo ndivyo vitakavyofunguliwa kwenye belo zetu kesho kutwa, kwa hiyo kanuni hiyo inahusu Kiboriloni zaidi ya inavyodhaniwa Brussels.

Wewe uliye na gemu la zamani kabatini, au kikokotoo, au redio ya babu: toa betri leo, kabla hazijavuja. Halafu kampelekee fundi, na usimpunguzie bei.