Kukutana na Kutangamana: Uhakiki wa Istilahi ya Mchoro wa Madini

Istilahi za sayansi aghalabu husifiwa kwa wingi wake. Kipimo kilicho bora zaidi ni kama istilahi inamwezesha msomaji kufikiri sawasawa. Mchoro utumiwao kuchambua madini ya miamba geu ni mtihani mzuri wa jambo hilo, hasa ukitazamwa kutoka Panda, mojawapo ya komini za mji wa Likasi, mkoani Haut-Katanga. Huko Kiswahili kilienea pamoja na uchimbaji wa shaba wa Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, ilhali jiolojia ya chuo kikuu hufundishwa kwa Kifaransa. Anayeitafsiri hulazimika kuchagua maneno, na uchaguzi huo una athari.

Pentti Eskola, mwanajiolojia wa Finland, aliiwekea msingi michoro ya aina hii katika uchunguzi wake wa miamba ya Orijärvi, uliochapishwa mwaka 1915. Pembe tatu za mchoro huwakilisha viambato vya kemikali. Kila madini hupata nukta yake. Na mstari huunganisha madini yawezayo kudumu pamoja katika joto na mgandamizo mmoja. Kuuita “mchoro wa mchanganyiko” ni kuupotosha, kwa kuwa mchanganyiko hueleza vilivyomo tu. Mstari hueleza uhusiano.

Dolomiti yenye silika, mwamba uliozoeleka katika tabaka za shaba za Katanga, hutoa mfano. Pembe zikiwa kalsiamu, magnesiamu na silika, mstari wa kwanza huunganisha dolomiti na kwatsi. Joto lipandapo na maji yakiwapo, sehemu 3 za dolomiti na sehemu 4 za kwatsi huzaa sehemu 1 ya talki, sehemu 3 za kalsiti, na gesi ya kaboni dayoksaidi. Mstari wa zamani hufutwa. Mpya, wa talki na kalsiti, huchorwa ukiikata njia yake. Kwatsi ikizidi, mwamba hubaki na kwatsi, talki na kalsiti. Dolomiti ikizidi, hubaki na dolomiti, talki na kalsiti. Hivyo, kwa kusoma madini matatu tu, mwanafunzi hujua mwamba ulianza na nini na umepitia nini.

Sasa na ichukuliwe malakiti, madini ya kijani yanayojulikana sana Likasi. Yaweza kuonekana juu ya dolomiti hiyo hiyo, katika jiwe moja. Hata hivyo, malakiti huzaliwa karibu na uso wa ardhi, maji ya mvua na oksijeni yanapoozesha salfaidi za shaba, muda mrefu baada ya joto la kale kupoa. Kuiunganisha na talki kwa mstari ni kosa. Madini hayo yamekutana, lakini hayakutangamana. Vitenzi vyote viwili vina kiambishi cha kutendana; kwa hiyo kiambishi hicho peke yake hakitoshi, na maana ya mzizi ndiyo inayoamua. “Utangamano” unafaa kwa sababu unadai maafikiano, si ujirani tu.

Mchoro nao una upungufu wake. Hautaji joto wala mgandamizo ndani ya mistari yake, na hunyamazia maji na gesi. Panapokuwa na kaboni dayoksaidi nyingi, dolomiti na kwatsi hustahimili joto la juu zaidi kabla ya kugeuka. Msomaji asiyekumbushwa masharti hayo huudhania mchoro kuwa sheria ya kudumu, kumbe ni taarifa ya hali moja.

Kwa hiyo istilahi pekee haitoshi. Yahitaji kuandamana na maelezo ya masharti yake. Kijana wa Panda aliyezoea kuitambua malakiti kwa rangi hafundishwi kitu kipya akipewa jina jingine la kigeni. Anafundishwa anapopewa neno linalomlazimisha kuuliza: je, madini haya yalizaliwa pamoja, au yamekutana tu?